Kabla ya kuuliza "nahisi nini", uliza "wapi"

Mtu akiulizwa anajisikiaje, jibu huwa tayari mdomoni: "Niko sawa," au "Nimechoka tu." Mara nyingi hafichi kitu, hana jibu jingine karibu. Lakini mwulize taya lake likoje sasa hivi, au pumzi yake inafika wapi, utamwona ananyamaza kidogo, kisha anaanza kukupa habari: taya limekaza, mabega yamepanda, pumzi inaishia kifuani. Mwongozo huu unaanzia kwenye habari hizo. Tutatoka kwenye taya lililokaza hadi kwenye jina la hisia, na kutoka kwenye jina hadi kwenye jambo la kufanya. Njiani zipo hatua ambazo wengi huziruka, na hizo ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Mwili huwahi, ila hausemi kinaganaga

Mwaka 1884 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alitoa hoja iliyopindua mambo: hatutetemeki kwa kuwa tunaogopa, tunaogopa kwa kuwa tunajihisi tukitetemeka. Mwili hubadilika kwanza, na hisia ni namna tunavyoyapokea mabadiliko hayo. Mwaka 1927 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia, alimpinga. Mabadiliko ya viungo vya ndani huja polepole, alisema, tena yanafanana mno kati ya hisia moja na nyingine. Moyo huenda mbio kwa hofu, kwa hasira, hata kwa furaha.

Wanasayansi bado wanavutana juu ya jambo hilo, lakini anayetaka kujifunza kujisikiliza anaweza kuchota kwa wote wawili. Kwa James anachukua hili: usiupuuze mwili, maana mara nyingi hujua kabla yako. Kwa Cannon anachukua hili: usiuamini upesi, maana ishara moja inaweza kubeba mambo matano tofauti. Mwili hukwambia kwamba kuna jambo, na huonyesha mahali. Ni jambo gani hasa, hilo ni la kuulizia.

Habari zenyewe zina njia yake. Neva ya vegasi hutoka chini ya ubongo, hushuka shingoni, hupita kwenye moyo na mapafu hadi tumboni, na takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupandisha taarifa kutoka kwenye viungo kwenda ubongoni. Amri zinazoshuka ni chache kuliko taarifa zinazopanda. Kwa hiyo anayesema tumbo lake limemwambia jambo hajakosea sana, ingawa tumbo halijui kisa kizima.

Hatua ya 1: Ujue mwili wako ukiwa shwari

Wengi husubiri siku ya msukosuko ndipo waanze kujisikiliza. Siku hiyo kelele ni nyingi na huna cha kulinganisha nacho. Anza siku ya kawaida, saa ambayo hakuna linalokusumbua.

Chagua nyakati mbili za siku ambazo tayari zina mazoea yake, kwa mfano kabla ya kushika simu asubuhi na kabla ya kuzima taa usiku. Dakika mbili zinatosha. Kaa au lala, uangalie mambo matatu tu: pumzi inafika wapi, taya na mabega yakoje, na tumbo limelegea au limejikaza. Usirekebishe chochote. Baada ya siku kadhaa utaanza kujua, kwa mfano, kwamba bega lako la kulia hupanda hata ukiwa na amani, kwa hiyo likipanda siku ya ugomvi halikuambii jipya. Ujuzi huo mdogo utakuokoa na tafsiri nyingi za uongo.

Kuna zoezi jingine ninalolipenda kwa kuwa unaweza kujipima papo hapo. Kaa kimya, usiguse mshipa wowote, uhesabu mapigo ya moyo unayoyahisi kwa sekunde 30. Kisha weka vidole kwenye kifundo cha mkono, uhesabu kwa muda uleule. Linganisha. Rainer Schandry, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha kipimo cha namna hii mwaka 1981, na kimetumika maabara tangu wakati huo. Watu hutofautiana sana: wapo wanaokaribia hesabu halisi, na wapo wasiohisi hata pigo moja. Usikasirike ukiwa wa kundi la pili. Kinachotakiwa ni kule kuelekeza masikio ndani, na hilo umelifanya hata kama hukusikia kitu.

Hatua ya 2: Pita mwilini, ukisema yaliyopo tu

Sasa chukua wakati ambapo kuna jambo kweli: baada ya simu iliyokuacha vibaya, au jioni ambayo hujui kwa nini umekuwa mkali kwa kila mtu. Anza juu ushuke: paji la uso, macho, taya, koo, kifua, tumbo, mikono, miguu. Kila mahali simama kwa pumzi moja au mbili.

Sheria ya hatua hii ni ngumu kuliko inavyoonekana: usitumie neno lolote la hisia. Usiseme "nina wasiwasi." Sema "kifua kinabana, upande wa juu, karibu na koromeo." Usiseme "nimeumia moyo." Sema "kuna uzito katikati ya kifua, na macho yana moto." Ukishasema "wasiwasi" umefunga faili, akili itaanza kukueleza wasiwasi ni nini na umeanzaje, na mwili hautaulizwa tena. Ukibaki kwenye "kinabana" bado unaangalia.

Maneno yenyewe ni ya kawaida. Ni joto au baridi? Pazito au pepesi? Panabana, panachoma, panawasha, panatetemeka, pamekufa ganzi? Jambo lenyewe limetulia au linatembea? Lina ukubwa gani, ngumi au kiganja kizima? Lina ukingo, au linayeyuka pembeni? Swali la ukingo huwashangaza watu, lakini lijaribu: ukitafuta mwisho wa uzito ulio kifuani unalazimika kuuhisi vizuri zaidi kuliko ukiuhesabu kuwa "kifua chote".

Zingatia mikono na miguu, maana wengi huishia tumboni. Watafiti wa Ufini wakiongozwa na Lauri Nummenmaa, katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2013, waliwapa watu 701 michoro ya mwili na kuwaomba wapake rangi mahali wanapohisi nguvu kuongezeka au kupungua katika kila hisia. Washiriki walitoka Ufini, Uswidi na Taiwan, na michoro yao ilifanana kwa kiasi kikubwa. Hasira ilijaa kifuani, kichwani na mikononi hadi viganjani. Kinyaa kilikaa kooni na tumboni. Huzuni ilionekana kifuani huku mikono na miguu ikipungukiwa nguvu. Furaha ilienea mwili mzima. Hiyo si kamusi ya kukariri, kwa sababu ni wastani wa watu wengi na wewe si wastani. Ila inakukumbusha kwamba viganja vinavyotaka kukunjwa ni habari, na miguu iliyoishiwa nguvu pia.

Hatua ya 3: Ondoa sababu zisizo za moyoni

Hatua hii ni fupi na huokoa muda mwingi. Kabla hujatafuta maana, jiulize: nimekula? Nimelala? Nimekunywa kahawa kiasi gani? Nina homa, niko kwenye hedhi, nimeanza dawa mpya? Mikono inayotetemeka kwa njaa inafanana kabisa na mikono inayotetemeka kwa hofu. Upungufu wa damu huweza kuleta moyo kwenda mbio na pumzi fupi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mtetemo, jasho na hali ya kutotulia. Mambo kama hayo yakikuandama wiki hadi wiki, muone daktari kabla ya kuanza kuyapa majina ya hisia.

Na hili lisisubiri zoezi lolote: maumivu ya kifua yanayobana au kukandamiza, hasa yakisambaa mkononi, kwenye taya au mgongoni, yakija na jasho la baridi au kukosa pumzi, ni ya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo. Ikija kuonekana ilikuwa hofu, hakuna ulichopoteza.

Hatua ya 4: Kaa nalo kidogo

Umepata mahali, na umepaeleza. Hamu inayokuja sasa ni ya kuliondoa: kuvuta pumzi ndefu, kunywa maji, kushika simu. Ngoja kama nusu dakika. Liache lilivyo ulitazame, bila kulisukuma wala kulikuza. Mara nyingi litabadilika lenyewe: litahama, litapungua, au litakuwa kali kisha lishuke. Mabadiliko hayo ni habari, na hutayapata ukikimbilia kujituliza.

Lakini kukaa nalo hakumaanishi kujitesa. Kama ishara inapanda hadi unahisi unazama, hasa kwa mtu aliyewahi kupitia ukatili, ajali au msiba wa ghafla, toka nje ya mwili kwanza. Fumbua macho. Bonyeza nyayo sakafuni. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Kisha lainisha pumzi: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, ambayo kwa hesabu za sekunde ni pumzi sita kwa dakika. Moyo hupunguza mwendo kila unapotoa pumzi, kwa hiyo kurefusha kutoa kunausaidia. Ukitulia, unaweza kurudi kwa mapumziko mafupi mafupi, ukigusa pale penye shida na kuondoka. Ikiwa kila ukijaribu unazama, usiendelee peke yako. Tafuta mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili mfanye pamoja. Kuna watu ambao kufumba macho na kuangalia ndani huwazidishia shida, na hilo si udhaifu wao.

Hatua ya 5: Lipe jina, kisha jina lipimwe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Eugene Gendlin, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzake walisikiliza kanda za mazungumzo ya tiba wakitafuta ni nini huwatofautisha wanaosaidika na wasiosaidika. Waliosaidika hawakuwa wasemaji hodari. Walikuwa wale wanaokatiza sentensi, wanaonyamaza, wanaosema "hapana, si hivyo hasa…" huku wakipapasa kitu ndani ambacho bado hakijapata neno. Kigugumizi hicho ndicho unachokitafuta. Jibu likikutoka haraka na kwa ufasaha, litilie shaka; huenda ni lile unalolisema siku zote.

Namna ya kufanya ni hii. Ukiwa bado unahisi mahali pale, lipelekee neno moja kwa kulisema polepole, hata kwa kunong'ona. "Hofu." Subiri. Neno likiwa siyo, hakuna kinachotokea, au unahisi kukazana zaidi. Likikaribia, kuna kulegea kidogo. Likiwa lenyewe, mara nyingi pumzi hushuka bila kuombwa, au machozi huja, au unajikuta unatikisa kichwa kukubali. Unajaribu maneno kama mtu anavyojaribu funguo kwenye kitasa, na kitasa ndicho kinachoamua.

Tuseme mtu amepokea ujumbe jioni kutoka kwa bosi wake: "Kesho ukifika pita ofisini kwangu kwanza." Hakuna zaidi. Tumbo linashuka, viganja vinapoa. Anajiambia ni hofu, na kweli "hofu" inapokewa: tumbo linalegea kiasi. Lakini kooni kuna kitu kimebaki, kinene, hakipandi wala hakishuki. Anajaribu "hasira". Kimya. "Huzuni"? Kimya. Anaacha kubahatisha, anarudi kooni, anauliza tu: hapa pana nini? Uso unapata joto. "Aibu." Koo linabana zaidi, kisha linaachia kidogo, na hapo anakumbuka kikao cha wiki iliyopita: alisifiwa mbele ya wote kwa ripoti ambayo nusu yake iliandikwa na mwenzake, naye akanyamaza. "Aibu ya kusifiwa kwa kazi ya mwenzangu." Pumzi inashuka hadi tumboni.

Tazama kilichotokea. Neno la kwanza halikuwa la uongo. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa juu ya jambo jingine, na angeishia hapo angelala akijiandaa kujitetea juu ya kosa asilolijua.

Msamiati mpana husaidia sana katika hatua hii. Anayejua "vibaya" na "vizuri" tu ana funguo mbili. Jiwekee maneno karibu: wasiwasi, woga, mashaka, fadhaa, aibu, fedheha, majuto, hatia, kinyongo, wivu, husuda, uchungu, simanzi, upweke, unyonge, kinyaa, hamu, tumaini, faraja. Kuita hisia kwa jina kuna kazi yake hata ubongoni. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wakipima ubongo wao. Washiriki walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu inayohusika na kuitikia hatari, ilipunguza kasi.

Kabla hujakubali jina, rudi kwa Cannon dakika moja. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio kwenye daraja la kuning'inia la Capilano karibu na Vancouver, Kanada, linaloyumba juu ya bonde lenye kina cha mita 70 hivi. Wanaume waliohojiwa na msichana kwenye daraja hilo walimpigia simu baadaye kwa wingi zaidi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara. Watafiti walieleza kwamba moyo uliodunda kwa sababu ya kimo ulisomwa kuwa mvuto. Kwa hiyo jiulize: ishara hii ilianza lini hasa? Kabla ya mtu huyu kuingia chumbani, au baada? Huenda unayemkasirikia amekukuta tu ukiwa tayari umepandwa na foleni, kelele au habari mbaya za asubuhi.

Hatua ya 6: Uliza inataka nini, kisha amua wewe

Kila hisia huja na msukumo. Hasira hutaka kusukuma, hofu hutaka kukimbia au kuganda, aibu hutaka kujificha, huzuni hutaka kushikwa au kuachwa peke yake. Uhisi msukumo huo mwilini: miguu inataka kwenda wapi, mikono inataka kufanya nini? Kuuhisi hakukulazimishi kuutii. Unaweza kuhisi ngumi ikijikunja na bado ukaiacha mezani.

Baada ya msukumo, tafuta haja iliyo chini yake. Yule wa ujumbe wa bosi, aibu yake inataka ajifiche, labda aombe ruhusa ya ugonjwa kesho. Haja yake ni kusafisha jambo. Anaweza kumwandikia mwenzake usiku huohuo, kisha asubuhi akamweleza bosi nani aliandika nini, vyovyote vile itakavyokuwa sababu ya kuitwa. Hatua iwe ndogo na iwezekane leo au kesho. Ukitoka kwenye zoezi hili na mpango wa kubadilisha maisha yako yote, rudi ukapime tena. Huenda bado uko juu ya msukumo.

Wakati mwingine haja ni kulala. Usidharau jibu hilo.

Ukikuta hakuna kitu

Wapo watakaofuata haya yote na kukuta ukimya. Kifua hakisemi, tumbo halisemi. Andika hivyohivyo: "Sihisi kitu kuanzia shingoni kwenda chini." Ganzi nayo ni hali ya mwili, na mara nyingi ina mipaka: uso una uhai, mikono haina. Anza na palipo hai, hata kama ni vidole tu vinavyogusa kitambaa cha nguo. Kunawa mikono kwa maji ya baridi kisha ya uvuguvugu, ukifuatilia tofauti, ni mazoezi mazuri kuliko kujilazimisha kuhisi huzuni. Kwa watu waliofundishwa tangu utotoni kwamba kulia ni aibu, safari huwa ndefu, na kuharakisha hakusaidii.

Daftari ni la hiari. Ukilitumia, andika mambo manne kwa mstari mmoja: mahali, ilivyokuwa, neno lililokubalika, na kilichotangulia. Usiandike kurasa. Baada ya wiki chache pitia, utaona mambo yanayojirudia: koo hubana kila unapokubali jambo usilolitaka, au maumivu ya kichwa hufuata siku zilezile unazoongea na mtu fulani.

Kumsaidia mwingine, hasa mtoto

Watoto huleta hisia zao kupitia tumbo. "Tumbo linauma" asubuhi ya mtihani inaweza kuwa tumbo kweli, kwa hiyo chunguza kwanza. Ikiwa hakuna ugonjwa, usiseme "huumwi, unaogopa tu." Utakuwa umemnyang'anya mwili wake na kumpa neno lako. Mwambie aweke mkono panapouma, mwulize panakuaje, ni padogo au pakubwa, panazunguka au pametulia. Kisha mpe maneno mawili au matatu achague: "Ni kama woga, au kama hutaki kuachana nasi, au ni kitu kingine?" Akisema "kingine", mwache akitafute.

Kwa mtu mzima mwenzako utaratibu ni huohuo, ila maswali yapungue. "Unalihisi wapi?" linatosha, kisha nyamaza. Akianza kupapasa maneno, usimalizie sentensi yake.